Binti Yangu na Toyo ya Betri

Walikuja asubuhi na gari jeupe, wakashusha spika, turubai, kreti za soda, na mwisho pikipiki yenyewe, imefunikwa shuka. Sisi madereva wa pikipiki wa kijiwe cha njia panda ya Tengeru, pale wanaposhukia abiria wa kupanda Akheri, tulikuwa tumeshaona watu wengi wa aina hiyo. Walikwishakuja wa bima, wa kuku wa kisasa, wa vidonge vya kuongeza damu na wa mikopo ya kwenye simu. Wote huja na fulana mpya na neno fursa.

Shuka lilipoondolewa, kijana msemaji alipanda, akazungusha ufunguo, akatutazama kwa tabasamu. Tukasubiri.

"Imewaka," akasema.

"Imewaka wapi?" akauliza mwenzangu mmoja, mtu mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye nilianza naye kazi hii na ambaye hakuna kitu kilichopita mbele yake bila kutiwa kasoro.

"Hapa ilipo, mzee, imewaka. Haina kelele."

"Basi nyumbani nina feni, na yenyewe haina kelele. Nikiikalia itanifikisha hapo Usa?"

Tulicheka mpaka wauza ndizi wa ng'ambo ya barabara wakasimama kutazama. Tangu siku hiyo, pikipiki ya betri kijiweni kwetu iliitwa feni. Tulikunywa soda zao, tukachukua fulana zao za kufutia vumbi kwenye tangi, na hakuna aliyeandikisha jina.

Nina sababu zangu za kudharau vitu vinavyokuja na turubai. Ujanani nilifanya kazi kwenye kiwanda cha serikali mjini Arusha. Walipokuja wa kukiuza walikuja hivi hivi, na spika na soda. Bwana mmoja mwenye tai alitwambia kwamba ubinafsishaji maana yake ni mfanyakazi kuishika kesho yake mwenyewe. Tukapiga makofi. Muda si mrefu mitambo ilifunguliwa nati kwa nati ikapakiwa kwenye malori, sisi tukapunguzwa, na ule ukumbi tuliopigia makofi ukawa ghala la mitumba. Nilirudi Akheri kwenye kahawa ya baba. Kahawa nayo ilikuwa imepata wanunuzi wengi wapya wenye magari mazuri, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kwa nini mwaka ule bei isingekuwa nzuri.

Kilichoniokoa ni pikipiki, toyo kama tunavyoiita huku. Zilipoanza kuingia zile za bei rahisi, tajiri mmoja wa Kichaga mwenye duka la vifaa pale Tengeru alinipa moja kwa mkataba: nimletee hesabu yake kila wiki, mkataba ukiisha toyo ni yangu. Nililipa. Uliisha. Siku niliyokabidhiwa kadi yenye jina langu, niliitazama kuliko nilivyowahi kuitazama hati ya ndoa, na mke wangu aliliona hilo akanuna. Lakini ilikuwa yangu. Ikiharibika naifungua mwenyewe chini ya mgomba, nasafisha plagi, nakaza cheni, naondoka. Hakuna mtu wa tai aliyeweza kuja kuipakia kwenye lori.

Sasa fikiria jinsi nilivyojisikia jioni moja binti yangu wa kwanza aliposimama mlangoni, akaniamkia, kisha akasema, "Baba, nimechukua ile ya betri."

Wakati huo alikuwa akikusanya mboga kwa wakulima huku juu na kuzishusha soko la Tengeru, na nauli za wenzangu zilikuwa zikimla. Kuendesha nilimfundisha mimi mwenyewe, kwenye uwanja wa kanisa, kwa toyo yangu.

"Umechukua, au umechukuliwa?" nikamuuliza.

"Nimechukua, baba. Kwa mkataba, kama wewe."

"Kama mimi? Mimi mkataba ulipoisha nilibaki na pikipiki nzima. Wewe ukimaliza betri itakuwa ya nani?"

"Ya kampuni. Betri unabadilisha tu kituoni. Unatoa iliyoisha, unapewa iliyojaa."

"Kwa hiyo unanunua mbwa, meno yanabaki kwa jirani."

Mama yake alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Binti hakucheka. Ana tabia ya kunisikiliza mpaka mwisho halafu kufanya alichokwishaamua, tabia ambayo mke wangu anasema aliipata kwangu na mimi nasema aliipata kwake.

Kesho yake alishuka nayo kijiweni, akitaka na yeye zamu ya kubeba abiria. Nilikuwa mwenyekiti wa kijiwe, na nilijua kitakachotokea, lakini sikumzuia, nikidhani dharau ya watu wazima kumi itafanya kazi ambayo yangu peke yangu ilishindwa. Yule mwenzangu mrefu alilizunguka lile dude kama mtu anayekagua ng'ombe mgonjwa. Akaligonga ubavuni. Plastiki. Akainama kutafuta eksozi. Hakuna.

"Binti, hii ukitaka kuiuza utamuuzia nani? Mwenye duka la feni?"

Mwingine akasema kilima cha Akheri kwenye tope la masika kitaimaliza. Mwingine akasema mvua ikiingia kwenye betri itampiga shoti abiria, na mwenye kesi atakuwa dereva. Mwingine, ambaye pikipiki yake mwenyewe ilikuwa ikivuja oili kila anaposimama, akasema yeye hawezi kupanda kitu ambacho mtu aliyekaa ofisini mjini anaweza kukizima kwa kubonyeza simu. Hili lilikuwa la kweli, lilikuwamo kwenye mkataba. Ukichelewesha malipo, wanakizima chombo popote kilipo. Nimeshafanya kazi mahali ambapo mtu wa mbali alizima kila kitu.

"Na foleni hapa hapati," akamalizia yule mrefu. "Foleni ni ya pikipiki."

Wakanitazama mimi. Nikasema, "Foleni ni ya pikipiki."

Binti yangu aliitikia, "Haya, baba," akageuza, akaondoka. Kitu kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakukuwa na ngurumo hata ya kumwonyesha kuwa amekasirika. Mtu akiondoka kwa hasira na pikipiki ya maana, kijiji kizima kinajua.

Hakurudi kijiweni, wala hakukosa abiria. Wakampigia simu. Walimu wa kike wa shule za huku juu, kina mama waliotoka kujifungua, wazee wa kanisa waliokuwa wakituchukia tangu zamani kwa kelele zetu za Jumapili. Nilikuwa nikikutana naye kwenye kona za migomba, anatokea ghafla kama paka, mtu nyuma yake amekaa kwa raha anaongea na simu. Kuku walikuwa hawamsikii. Aligonga wawili, akalipa. Kwangu ule ulikuwa ushahidi tosha. Kuku wa Akheri wameishi na toyo miaka yote, na sisi hutusikia tungali chini bondeni.

Kisha yule mwenzangu mrefu akaugua.

Ilianza na miguu kuvimba. Baadaye wakasema ni figo, na akawa anatakiwa hospitali mjini mara kwa mara. Hakuwa na mke tena, aliishi na mama yake juu kabisa, kule lami inakosahaulika kabisa. Mwanzoni tulimbeba kwa zamu. Lakini njia ile ina mawe, na pikipiki zetu zinatetemesha mpaka mtu mzima mwenye afya anashuka ameshika kiuno. Yeye alikuwa akilia. Mtu aliyezoea kutukana dunia nzima analia mgongoni mwako, na wewe huwezi kumsaidia kitu. Zamu zikaanza kulegea. Huyu ana safari ya Momela, huyu tairi halina upepo. Watu wana maisha yao.

Siku moja nilimkuta binti yangu anateremka naye. Amekaa nyuma, amefunikwa khanga ya mama yake, uso umefura, lakini halii. Nikasimama.

"Umekubali kupanda feni?" nikamwambia, nikitaka tucheke kama zamani.

"Usiniangalie hivyo," akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Ni takataka. Haina nguvu, haina heshima, na dereva wake hana adabu. Ila haitikisi."

"Shikamoo baba," akasema binti yangu, akaendelea na safari.

Alimpeleka hivyo kwa miezi. Kila safari, binti alinisimulia baadaye, yule bwana aliitukana pikipiki kuanzia nyumbani mpaka mlango wa hospitali: kiti kigumu, taa kama macho ya chura, mwendo wa bibi anayekwenda kisimani. Akishushwa anasema, "Kesho kutwa uniwahi." Hata siku moja hakusema asante, na binti yangu anasema hakuitarajia. Alimpenda yule mzee. Mimi sikujua hilo.

Alifariki wiki moja ya masika. Kwetu dereva wa toyo akifa, wenzake humsindikiza kutoka mochwari mpaka kaburini. Tunafunga matawi mbele ya taa, tunatangulia jeneza, tunapiga honi na kupandisha resi barabara nzima ili kila mtu ajue anayepita ni nani. Matajiri wana magari yao meusi. Sisi tuna ngurumo. Niliupanga msafara mwenyewe, na walikuja madereva kutoka Usa, kutoka Sakina, hata wawili kutoka Olmotonyi ambao walimfahamu marehemu kwa matusi yake tu.

Tukiwa bado uwanja wa mochwari, binti yangu akaja na toyo yake. Amefunga tawi la mkahawa mbele ya taa, limekaa vizuri kuliko yetu. Madereva wakaanza kunong'ona. Nikamfuata.

"Mama, leo hapana," nikamwambia kwa upole. "Huu ni msafara wa kumlilia mtu. Utamlilia na nini, na hicho chombo bubu? Kaa nyuma ya magari."

"Haya, baba."

Lakini mama wa marehemu alikuwa ametoka. Ni kikongwe mdogo, Mmeru wa zamani, amevaa gauni jeusi na raba za kiume. Walimfungulia mlango wa gari, mbele kwa dereva, akakataa. Akatembea moja kwa moja mpaka kwa binti yangu.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinamchukua?"

"Ndiyo, bibi."

"Nipandishe."

Nikaingilia. "Shikamoo mama. Gari lipo, mvua inakuja, na hiki..."

"Marahaba. Nipandishe, mjukuu wangu. Na tukae karibu na yeye."

Kwa hiyo msafara niliokuwa nimeupanga ulivurugika. Mbele pikipiki zetu, kisha gari la jeneza, kisha nyuma yake tu lile feni, limembeba mama mzazi wa marehemu. Tuliondoka kwa kishindo. Nilipandisha resi mpaka masikio yakaziba, nikapiga honi kwa ajili ya yule mrefu, na nakwambia machozi yalinitoka, na sioni aibu. Watu wa Kijenge walisimama milangoni. Hivyo ndivyo mtu wetu anavyotakiwa kupita.

Tulipoacha lami na kuanza kupanda Akheri, mvua ikashuka. Tope la Meru wanalijua walioligusa tu, jeusi na laini, linakamata tairi kama mkono. Tukawa tunateleza, miguu chini, moshi umejaa kati ya migomba. Kwenye kilima cha mwisho kabla ya nyumba ya marehemu, nikasikia kicheko nyuma yangu, nikageuka. Feni lilikuwa limesimama. Betri imekwisha. Binti yangu alikuwa ameanza asubuhi na mapema kubeba vyombo vya msibani, na foleni ya kituo cha betri ilimshinda. Alikuwa amesimama na mvua inamteremka usoni, mguu mmoja kwenye tope, bibi bado yuko mgongoni.

Madereva wakaacha kuficha kicheko. Walicheka waziwazi, msibani. Mmoja akaita, "Binti, tafuta soketi!" Mwingine akapandisha resi kwa makusudi mpaka tope likaruka.

Bibi alishuka. Akafuta tope kwenye mkono wa gauni lake, polepole. Akasubiri mpaka kelele zipungue.

"Mwanangu alipolala mgonjwa," akasema, "mafuta ya kufika kwangu hamkuwa nayo. Leo mnayo ya kupigia kelele."

Hakuinua sauti. Aligeuka, akakishika kilima kwa miguu, nyuma ya jeneza la mwanawe, na zile raba za kiume. Pikipiki zikazimwa moja moja. Sikutoa amri, walizima wenyewe. Tukasikia mvua kwenye majani, na mbele kabisa kwaya ya usharika ikianza wimbo.

Nitasema nilichohisi, kwa sababu watu hupenda kunihadithia mimi mwenyewe kana kwamba nililainika pale. Sikulainika. Nilikasirika. Kikongwe hakuwa na haki ya kutuweka wote kapu moja. Mimi nilimbeba mwanawe, nilimsikia akilia. Na yeye aliyemkweza binti yangu mbele za watu amemwacha na dude lake katikati ya njia, magari ya waombolezaji yamesimama nyuma. Nikashusha stendi, nikateremka kwenye tope, nikashika nyuma ya lile plastiki nikasukuma. Lilikuwa linaziba njia. Binti alishika usukani. Tukalipandisha mpaka kwenye turubai la msiba.

Pale akaniambia, "Asante, baba."

"Ni jepesi," nikamwambia. "Hata kulisukuma halina maana."

Baada ya msiba ule kijiwe chetu hakikuwa kile. Watatu kati ya waliocheka kilimani walikwenda kuchukua za betri mafuta yalipopanda. Walikwenda kimya kimya, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipotokea nayo kijiweni alikuwa na maelezo: mke amemlazimisha, ni ya shemeji, anaijaribu tu. Hao nawadharau kuliko chombo chenyewe. Binti yangu angalau alichukua wakati kila mtu anamcheka. Wao walingoja mpaka ikawa salama kuwa na busara. Tukawapa foleni. Nilipinga, nikashindwa kwa kura, nikaacha uenyekiti.

Binti mwenyewe hakuitaka foleni yetu tena. Alihamia mjini, akapanga chumba karibu na kituo cha betri.

Siku moja mchana akanipigia. Alikuwa Kijenge, barabarani, na abiria, na pikipiki ilikuwa imezimika ghafla katikati ya mzunguko. Betri imejaa. Malipo amelipa.

"Wamekuzima," nikasema.

"Nadhani, baba. Simu yao haipokelewi."

Nilichukua kamba. Sijawahi kuendesha kwa furaha kama siku ile, Mungu anisamehe, kutoka Tengeru mpaka Kijenge, na maneno yote niliyokuwa nimeyahifadhi yakijipanga kichwani. Nikafunga kamba kwenye keria ya pikipiki yangu, nikaliburuta feni na binti yangu juu yake katikati ya mji, mpaka mlangoni kwa ofisi ya ile kampuni. Ndani kulikuwa na ubaridi wa kiyoyozi na msichana mwenye kucha ndefu. Nikamwambia yote. Nilimwambia habari za turubai na soda, nikamwambia nilikwishawaona watu kama wao wakipakia kiwanda kizima kwenye lori, nikamwambia mwenye mali hazimiwi mali yake barabarani kama mwizi.

Alinisikiliza. Akabonyeza simu yake. Nje, taa za pikipiki zikawaka.

"Samahani sana, baba," akasema. "Ni mfumo."

"Asante, dada," akasema binti yangu.

Nilitoka nje nimechanganyikiwa kwa hasira. Nikafungua kamba. "Unamshukuru? Mtu amekuzima mbele ya malori, unamshukuru?"

"Baba, ukienda sheli ukakuta mafuta hakuna, unamtukana nani?"

"Namtukana mwenye sheli."

"Na kesho yake unakwenda wapi?"

"Sheli nyingine!"

"Haya," akasema, akavaa helmeti. "Mimi wiki ijayo nakwenda na wenzangu wote wa hapa mjini, tumeshaandikishana. Wasipotoa hilo la kuzima kwenye mkataba, tunawarudishia pikipiki zote siku moja. Njoo uwaambie kama ulivyomwambia yule. Ulisema vizuri."

Sikuwa nimelitegemea hilo. Nilianza kumweleza kwamba watu wale hawatishwi na kikundi, kwamba na sisi kiwandani tulikuwa na umoja wetu, na mwenyekiti, na mhuri, na jinsi alivyonunuliwa yule mwenyekiti. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye mhuri. Barabara ikafunguka, akaniaga kwa mkono, na akawa ameshafika kwenye mzunguko kabla sijamaliza.